Mwandiko wa Shangazi

9 Januari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na paka amekwisha kuzaa. Sisi huku wote wazima. Nyumba nayo nzima. Kilichozima ni umeme.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yangu imelala kwenye droo, maana kuichaji ni mpaka niende kujipendekeza kwa jirani, na yako wewe unaitumia kuangalia saa tu. Basi tumerudi kwenye kalamu, kama ulivyonilea.

Ilianza na transfoma ya mtaa. Ilipasuka mchana wa jua kali, na mlio wake ukawatoa watu bafuni na sabuni masikioni. Mtaa mzima ukakaa bila umeme, tukawa sote sawa, tunapepeana kwa maboksi na kuwalaani watu wa umeme kwa pamoja. Kisha ikaletwa transfoma mpya, nyumba zote zikawaka, isipokuwa yetu. Kwetu kulitokea hitilafu ndogo ya waya. Watu wa umeme wakatukata pale kwenye nguzo na kuondoka na mita, eti hairudi mpaka nyaya zifungwe upya na mkaguzi aje aridhike. Mkaguzi yuko likizo.

Joto la mwaka huu halina adabu. Kuta zinakunywa jua kutwa nzima, giza likiingia zinatutapikia. Bosi, mjukuu wako, amekataa kuvaa chochote isipokuwa kofia. Friji nimeigeuza kabati: nimepanga ndani unga na sukari, na kwa mara ya kwanza sisimizi wameshindwa. Oveni ipo tu, inanitazama. Lakini kazi ya keki sijaiacha. Ninaoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa mengine juu ya mfuniko. Ya kwanza ilitoka na mgongo kama kobe, nikaila mwenyewe kwa hasira. Sasa nimepata mkono, na kuna mteja amesema ile harufu ya moshi ndiyo utamu wenyewe, nisije nikaiacha umeme ukirudi.

Baba Bosi anakusalimu sana. Yuko kazini. Siku hizi vinyozi wana kazi nyingi, joto hili kila mtu anataka kichwa chepesi.

Mwanao akupendaye.


24 Januari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Paka kazaa, goti halijapoa. Vitoto vyote vimetoka na madoa ya yule dume la jirani yangu, mzee aliyestaafu posta, na mzee mwenyewe anakana katakata, eti dume lake halitoki nje. Kwa aibu hiyo siku hizi ananiletea barua mpaka mlangoni na kuondoka bila kuomba chai.

Unisamehe mwandiko. Maisha yangu yote ofisini nilipiga chapa barua za wakubwa, vidole vinajua mashine. Kalamu navishikisha kama mwiko. Mashine yangu ya chapa ipo mezani, ila utepe wake umekauka, na kila duka nikiulizia utepe wananitolea ule mwekundu wa kufungia zawadi.

Kwanza hongera kwa keki ya makaa. Marehemu kaka yangu, baba yako, angekula sufuria na mfuniko wake. Mwambie Bosi bibi yake anaomba kofia ya namna hiyohiyo.

Sasa nikuulize lile lililonikaa rohoni. Umeme umerudi? Nijibu bila kuzunguka. Wewe tangu utotoni una tabia ya kusema tuko salama huku machozi yanakulenga. Kama umeme haujarudi, sema. Nyumba yenye mtoto mdogo kukaa bila umeme kiangazi hiki si jambo la kunyamazia. Mimi nimewahi kukaa bila umeme mwaka mzima. Sikufa, ila raha sikuiona. Usijifanye umezoea. Umeme ukichelewa sana kurudi, watu wa nyumba huzoea, na wakizoea hakuna anayefuatilia tena. Toka ukafuatilie, mwanangu. Usione haya mbele za majirani.

Msalimie mkwe wangu.

Shangazi yako.


8 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nachunga unga. Nimeisoma nikakaa chini palepale jikoni, na unga wangu kichwani.

Nani kakwambia? Nimewapitisha watu wote akilini, mmoja mmoja, na sioni aliyeweza kukufikishia. Lakini umeuliza waziwazi: mume amerudi? Basi na mimi nikujibu waziwazi. Hajarudi.

Ile hitilafu ndogo ya waya niliyokuandikia ni yeye. Mtaa ulipokuwa gizani alichoka kukaa bure, akafungua meni swichi, eti aikarabati kabla umeme haujarudi. Unamjua, anafungua mashine zake za kunyolea na kuzifunga akiwa amefumba macho, basi anaona nyumba nayo ni mashine ya kunyolea, kubwa tu. Akaunga nyaya anavyojua yeye. Siku transfoma mpya ilipowashwa, nyumba yetu ndiyo iliyowaka kuliko zote. Soketi zilitoa moshi, ukuta wa sebuleni ukawa mweusi, majirani wakaja mbio na ndoo za mchanga. Hakuna aliyeumia, tushukuru. Yeye alikuwa amesimama katikati na bisibisi mkononi, masizi mpaka kwenye nyusi. Na mimi, badala ya kumwuliza kama yu salama, nikasema kwa sauti, "Jamani, mpisheni Injinia."

Mtaa mzima ulicheka, shangazi. Nami nikacheka kuliko wote. Yeye hakucheka. Alifuta masizi, akasema mbele ya watu wote, "Sitatia mguu ndani ya nyumba hii mpaka umeme urudi." Nami mdomo ukaniponyoka, nikamwambia, "Basi ukirudi uje nao."

Tangu siku hiyo analala kwenye kibanda chake cha kunyolea, juu ya benchi la wateja. Kila jioni anakuja na barafu ndani ya mfuko, anasimama nje ya geti kama muuza maziwa, anampa Bosi, anauliza tumekula nini, anaondoka. Kiapo chake amekishika kisawasawa, hata kidole cha mguu hakivuki. Jina nalo limemganda. Mtaani sasa hakuna anayemwita Baba Bosi, ni Injinia tu, na kila likiitwa mimi ndiye ninayechomeka. Bosi aliwahi kumwambia, "Baba, ingia, hakuna anayeona," naye akageuka kupangusa macho, akasingizia jasho.

Ninamchungulia kupitia pazia. Amepungua. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilidhani ni mambo ya siku chache. Sasa ninaogopa. Umesema mwenyewe kwamba akichelewa sana kurudi, watu wa nyumba huzoea. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sitaki tuzoee.

Tena sikujua kwamba na wewe umewahi kukaa bila mume mwaka mzima. Pole sana. Marehemu alikuwa ameenda wapi?

Mwanao.


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena, goti likasahau kuuma.

Unauliza nani kaniambia. Umeniambia wewe. Mimi niliuliza UMEME. Umeme, mwanangu, ule wa taa na pasi. Nimechukua karatasi nikaandika maneno yote mawili kwa mkono wangu, nikamwonyesha mzee wa posta, mtu aliyesoma anwani za kila aina ya mkono maisha yake yote. Akavaa miwani, akavua, akasema hayo yote mawili ni milima, ila mmoja umepungua. Na hizo a zangu sizifungi juu, zinageuka u. Kwa hiyo usiwashuku majirani zako bure.

Na marehemu mume wangu mwache apumzike. Hakuwahi kulala nje hata siku moja, hata zile siku nilizokuwa namwombea apate safari. Mwaka ule niliokaa bila umeme alikuwepo hapa ndani, ananiimbia tukiwa gizani, na sauti mbaya.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilipomaliza nikasoma tena, na mara ya pili sikucheka. Nimemwona mkwe wangu na masizi kwenye nyusi, watu wanamcheka, na mkewe anawaongoza. Nimekuona na wewe nyuma ya pazia. Imeniuma kwamba mwanangu amelala na jambo hili peke yake kiangazi chote, na angeendelea hivyo kama si ubovu wa mkono wangu.

Yule kijana nampenda, unajua. Alipokuja kuposa ndiye aliyeona mguu wa meza yangu unacheza, akainama kuutengeneza kabla hata ya kunywa maji. Meza haijasimama sawa tangu siku hiyo, lakini sijamruhusu mtu mwingine aiguse.

Nakuuliza moja tu, na neno hili naliandika polepole ulisome vizuri. Umemwomba radhi?

Shangazi yako.


4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Bado nina aibu, kwa hiyo barua hii ni fupi.

Sijamwomba radhi. Kwa nini niwe wa kwanza? Nani aliyetaka kutuchoma? Ukuta wa sebuleni niliupaka chokaa mara ya kwanza na ya pili, weusi unatokeza bado, na kila nikiutazama hasira zinapanda upya. Kisha jioni inafika, namsikia akikohoa pale getini, hasira zote zinaniishia.

Fundi amefunga nyaya upya, kazi nzuri. Tunamngoja mkaguzi. Amerudi likizo, sasa gari lake ni bovu.

Juzi nilipiga moyo konde nikatoka mpaka getini mwenyewe. Yeye nje, mimi ndani. Nikamwambia hujambo, akasema sijambo. Nikasema joto. Akasema joto kweli. Tukasimama hapo mpaka barafu ikaanza kumchuruzikia Bosi tumboni. Neno nilikuwa nalo mdomoni, shangazi, lilikuwa hapa. Lakini majirani walikuwa wamejipanga barazani na vikombe vyao, kama waliokuja kutazama mpira. Nikalimeza. Naye nilimwona anaangalia mguu wake, halafu kizingiti cha geti, halafu wale watu. Angeingia. Ila ameshasema mbele yao, na mwanamume wangu akishasema amesema.

Tumekwama, yeye kwa kiapo chake na mimi kwa mdomo wangu.

Mwanao.


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kama unavyoona, barua hii nimeipiga chapa. Mzee wa posta amenitafutia utepe mpaka akaupata, sijui wapi, na sasa tunakunywa chai pamoja na suala la vitoto vya paka tumeliacha. Humu hakuna atakayesoma yake.

Ila ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo iliyokunjwa. Hiyo nimeiandika kwa kalamu, kwa makusudi, tena nilipomaliza nikapitisha kidole kabla wino haujakauka. Mpe Bosi ampe baba yake. Wewe usiifungue. Ni maneno machache kati ya mtu na mkwe wake.

Na lile neno ulilolimeza getini liweke karibu na ulimi. Utalihitaji ghafla.

Shangazi yako, mpiga chapa mstaafu.


29 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya akili yako.

Nilifanya ulivyosema. Karatasi nilimpa Bosi, Bosi akampa baba yake jioni pamoja na mfuko mtupu wa barafu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Aliifungua, akaisoma, akaigeuza kwenye mwanga, akaisoma tena. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaondoka bila hata kuuliza tumekula nini. Nikajua mambo yameharibika. Nikakaa kitandani nikalia, nisikufiche, na Bosi akanivika kofia yake kunibembeleza.

Kesho yake jua linataka kuzama nasikia geti linalia. Si kukohoa, geti lenyewe. Nachungulia, namwona katikati ya uwanja na mkoba wake wa nguo begani, ameinua karatasi juu, anawaambia majirani kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Umeme umerudi. Shangazi ameandika."

Mama wa nyumba ya pili, unamjua hapitwi na kitu, akauliza, "Shangazi si anaishi mbali? Kajuaje?"

Akajibu, "Yule mama anajua mambo yote." Na akaingia ndani.

Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi ya sebuleni. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akanitazama, mimi nimesimama mlangoni na kofia ya mtoto kichwani. Akasema, "Shangazi yako kanidanganya."

Nikaichukua karatasi. Nimelelewa na mwandiko ule, shangazi, nikijitahidi nauona mlima kwa mlima. Nikamsomea: "Mume, urudi nyumbani."

Nilitaka kucheka, lakini kabla kicheko hakijatoka lile neno likatangulia. Nikamwambia, "Nisamehe. Siku ile ilinipasa kukuuliza kama umeumia." Akakaa kwenye kiti chake, kile cha karibu na ukuta mweusi, akaupapasa ukuta kwa kiganja. Akasema, "Kidole kiliungua kidogo. Kimepona." Kisha akasema, "Lakini na mimi nilifunga vibaya." Hapo ndipo tulipocheka, sote wawili, mpaka Bosi akakasirika kwamba hatumwelezi.

Majirani hawakukubali kupitwa. Karatasi yako imezunguka baraza zote. Nusu wanasoma umeme umerudi, nusu wanasoma mume urudi, na wamebishana mpaka vikombe vikapoa. Wamekubaliana jambo moja tu, kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kuvunja kiapo kwa sababu ya mwandiko wa namna ile. Kuhusu jina la Injinia, limebaki, lakini sasa analiitikia. Ameandika hata kwenye kioo cha kibanda chake: Injinia wa Vichwa.

Mkaguzi amekuja wiki hii, amekagua, ameridhika. Mita italetwa wakipata nafasi. Nilipomwambia Baba Bosi akasema vizuri, akaendelea kunipepelea makaa ya keki. Hatuna haraka na umeme.

Sasa kuna kitu kimoja nataka ukijue wewe peke yako. Asubuhi iliyofuata nilifungua ule mkoba wake nitoe nguo za kufua. Chini ya mashati kulikuwa na pakiti ya mishumaa, mipya, haijafunguliwa, na kiberiti kipya juu yake.

Mtu aliyeamini umeme umerudi hanunui mishumaa, shangazi. Sijamwuliza. Nimeipanga kwenye friji, mahali atakapoiona, na kila jioni tunawasha mmoja.

Mwanao, na mkweo anayesoma vizuri kuliko anavyojifanya.